Sweta ya Maua Iliyolipwa kwa Majani Chai

Ukizunguka Gikomba mwezi wa Juni au Julai, baridi ikiwa imekaza, lazima utaziona. Sweta za sufu zenye michoro inayozunguka kifua chote kwa mistari: nyota, misalaba, vitu kama herufi O na X zikifuatana, bluu ya kiza imekaa na kahawia, rangi ya maziwa imekaa na nyekundu ya matofali. Zikiwa safi zinabebwa asubuhi na wale wa kamera. Zikiwa na matundu zinaishia kwa fagia na unaokota moja kwa bei ya chai na mandazi. Nimefanya video za mitumba kwa muda sasa, na hakuna nguo nimeulizwa kuihusu kama hii. Swali ni lile lile: haya maua ni ya wapi?

Jibu fupi ni kisiwa. Kinaitwa Fair Isle, kiko kaskazini mwa Skotlandi, katikati ya visiwa vya Orkney na Shetland. Urefu wake ni kama kilomita tano hivi, na wakaazi wake wote leo wangeenea kwenye basi moja la Nairobi kwenda Kisumu. Jina la kisiwa hicho ndilo dunia nzima inatumia kuita aina hii ya ufumaji, hata kama sweta yenyewe imetoka kiwanda ambacho hakijawahi kuona kondoo.

Jibu refu ndilo nataka kuandika leo, kwa sababu linahusu pesa.

Lakini kwanza, ukipata moja, igeuze ndani nje. Hapo ndipo ujanja wote uko. Kwa kila mstari mfumaji anatumia rangi mbili tu. Hata sweta ikionekana ina rangi nane, hesabu mstari mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, utapata mbili. Rangi moja ikifanya kazi mbele, ile nyingine inapita nyuma kimya kimya ikingoja zamu yake. Ndiyo maana ndani utaona nyuzi nyingi fupi zimelala kama waya za stima. Nyuzi hizo zinafanya sweta iwe kama ina tabaka mbili, hewa inabaki katikati, na mtu anakaa na joto hata upepo wa bahari ukimpiga. Zikiwa ndefu sana vidole vinanasa ukivaa, kwa hivyo mfumaji hakubali rangi moja ikimbie mbali bila kubadilishana na mwenzake. Michoro midogo midogo unayoona imetokana na hilo. Mkono ndio ulioamua ua lifike wapi.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba sweta hizi hufumwa kwa mzunguko, kama soksi, mfuko mmoja usio na mshono. Sasa, mikono inaingilia wapi? Wanachukua makasi na kukata. Naam, unakaa majuma ukifuma halafu unaikata sweta yako mwenyewe. Sufu ya kondoo wa Shetland ina nywele zinazong'ang'aniana, kwa hivyo haifumuki ovyo, na mfumaji huwa ameacha nafasi ya ziada pale pa kukata. Jaribu hivyo na uzi wetu wa plastiki wa sweta za shule uone vile utalia.

Sasa turudi kwa historia, na tuanze na ile hadithi kila mtu anapenda. Mwaka wa 1588 mfalme wa Uhispania alituma meli nyingi za kivita kwenda kuivamia Uingereza. Mambo yakaenda mrama, meli zikazunguka kaskazini zikitafuta njia ya kurudi nyumbani, na moja yao, El Gran Grifón, ikagonga mwamba Fair Isle mwezi wa Septemba. Mabaharia na wanajeshi kama 300 wakapanda ufukoni kwenye kisiwa chenye familia chache tu, wakakaa hapo wiki kadhaa wakila chakula ambacho hakikutosha hata wenyeji. Hayo yote yalitokea. Kisha hadithi inaongeza kiungo: ati hao Wahispania ndio waliowafundisha wanawake wa kisiwa michoro hii ya rangi.

Hadithi tamu, inauza. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliipenda sana kwa sababu mteja anapenda kununua nguo yenye meli iliyozama ndani yake. Shida ni kwamba hakuna ushahidi. Vitu vya zamani zaidi vya Fair Isle vilivyohifadhiwa, kofia na vifuko vya pesa, ni vya karibu mwaka wa 1850, miaka zaidi ya 250 baada ya meli kuzama. Na mwaka wa 1951, sehemu inaitwa Gunnister huko Shetland, watu waliokuwa wakichimba udongo wa kinamasi walikuta mabaki ya mwanamume aliyezikwa na nguo zake mwishoni mwa karne ya 17. Alikuwa na kifuko kidogo kilichofumwa, chenye michoro ya nyekundu na nyeupe. Kwa hivyo rangi zilikuwa zinazunguka bahari hiyo kitambo, kupitia wavuvi wa Uholanzi, wafanyabiashara wa Baltiki, majirani wa Norwe. Meli zilikuwa zinapita Fair Isle kila wakati, na wenyeji walipiga makasia hadi kwa meli kubwa kubadilisha soksi na kofia kwa chakula.

Nikikuuliza nani alibuni michoro hii, jibu la kweli halina sura ya sinema. Ni wanawake wengi kwa miaka mingi, mmoja akiona kitu kwa jirani, anakichukua, anakibadilisha rangi, anaongeza nyota, anapunguza msalaba. Lakini watu wanaona ni rahisi kuamini kwamba mabaharia 300 waliokuwa wakifa njaa waliketi chini wakafundisha kufuma, kuliko kuamini kwamba mwanamke maskini wa kisiwani ana akili ya kubuni. Hiyo tabia tunaijua Afrika. Tumeambiwa mara ngapi kwamba kitu chetu kizuri kililetwa na mgeni?

Sasa mambo ya pesa.

Shetland ya karne ya 19, wanaume walikuwa baharini wakivua, na bahari ile haina huruma. Wanawake walibaki na shamba, ng'ombe, watoto, na kufuma. Walifuma wakitembea. Kiunoni walifunga mkanda wa ngozi wenye kibonge kilichojazwa nywele za farasi na kutobolewa matundu mengi, wakachomeka ncha moja ya sindano hapo ili mkono mmoja uwe huru kurusha uzi. Mgongoni wamebeba kikapu cha udongo mweusi wa kinamasi, ule unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, na mbele mikono inafuma. Aliyemwona mama wa Ukambani akitembea kutoka sokoni huku anasuka kiondo hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mwisho wa wiki mama huyo anapeleka kazi yake dukani, Lerwick, mji mkubwa wa Shetland. Mwenye duka anaangalia, anataja bei. Halafu hatoi pesa. Anasema, chagua kitu hapa dukani. Kitambaa, majani chai, sabuni. Bei ya vitu hivyo anaipanga yeye, kwa hivyo anakula faida mara mbili: akiuza sweta au shali yako huko kusini, na akikuuzia majani yake. Ukitaka pesa taslimu unaambiwa hakuna, ama unapewa kidogo kuliko thamani iliyotajwa. Kama hutaki bidhaa siku hiyo, unaweza kuandikiwa karatasi ya deni, na karatasi hiyo inafanya kazi kwenye duka lile lile tu.

Serikali ya Uingereza ilimtuma wakili mmoja, William Guthrie, kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka wa 1872 ndiyo sababu tunajua haya yote. Wanawake waliitwa wakaulizwa maswali na majibu yao yakaandikwa. Ukisoma maelezo yao kitu kimoja kinarudi kila mara: majani chai. Mwanamke anahitaji unga na kodi ya nyumba, lakini nyumbani anarudi na majani. Basi anaanza kuzunguka kwa majirani akibadilisha majani kwa unga au viazi, na kila akibadilisha anapoteza kidogo. Wengine waliuza zile karatasi za deni kwa bei ya hasara ili washike senti.

Wacha niweke kando historia sekunde moja. Mwaka jana kampuni moja ya mafuta ya ngozi, sitaitaja, iliniomba video tatu. Tukakubaliana vizuri, nikarekodi, nikahariri usiku mzima, nikatuma. Malipo yalikuja kwa boda: katoni moja ya mafuta ya ngozi, na ujumbe kwamba pia watanitangaza kwenye ukurasa wao. Nilimpigia yule dada wa kampuni nikamwambia landilodi wangu hapokei mafuta. Akacheka. Nikauza chupa moja moja kwa majirani wa ploti na kwa wasichana wa saluni, chini ya bei ya dukani, mpaka nikafikisha nusu ya kodi. Niliposoma kuhusu mama wa Lerwick na majani yake, sikuhitaji mwalimu anifafanulie. Na chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo huyo mwalimu sina.

Sheria ilibadilishwa mwaka wa 1887 ili iwaguse pia watu wanaofuma nyumbani, walipwe kwa pesa. Kwenye karatasi, sawa. Mitaani, desturi ya bidhaa kwa kazi iliendelea miaka mingi baadaye, kwa sababu mwenye duka alikuwa ndiye mnunuzi, ndiye muuzaji wa sufu, na ndiye aliyekupa deni wakati samaki walipokosa. Utamshtaki nani halafu uishi vipi?

Halafu akaja mtu maarufu. Mwaka wa 1921 mfanyabiashara wa nguo wa Lerwick, James Smith, alimtumia mwana wa mfalme sweta ya Fair Isle kama zawadi. Huyu ni Edward, aliyekuwa Prince of Wales. Ndiyo, yule yule ambaye cheo chake kilibandikwa kwenye shule ya Kabete tunayoiita leo Nairobi School, na aliyekuja Kenya mwaka wa 1928 kuwinda. Mwaka wa 1922 akaivaa sweta hiyo akicheza gofu St Andrews, uwanja maarufu kuliko yote Skotlandi, alipokuwa nahodha wa klabu. Mwaka wa 1925 akachorwa na John St Helier Lander akiwa ameivaa, na mbwa mdogo mkononi. Wanaume wa London na Marekani wakaanza kuzitaka. Wanafunzi wa vyuo vya kitajiri wakazitaka. Leo tungesema alisukuma bidhaa bila hata kulipwa, na Smith alijua alichokuwa akifanya. Aliyeifuma ile sweta hatajwi kwenye simulizi hizi. Tunajua jina la mwenye duka, la mvaaji, na la mchoraji.

Lakini nitasema ukweli, mtindo ule uliwasaidia wanawake. Soksi zao za kufuma kwa mkono zilikuwa zimeuawa na mashine za viwandani, na mashine za wakati ule hazingeweza kuiga michoro hii kirahisi. Kazi ikarudi. Wafumaji wakaanza kubuni kwa kasi, rangi mpya za dawa za viwandani zikachanganywa na zile za asili za kondoo: nyeupe, kijivu, nyeusi, na ile kahawia yenye wekundu wanayoiita moorit. Sweta nyingi tunazoziita za kitamaduni zina sura ya miaka hiyo ya 1920, zilipotengenezwa zifurahishe mteja wa mbali. Sioni aibu yoyote hapo. Mama akifuma kile kinachouzwa, huo pia ni utamaduni, tena wenye akili.

Vita vya Pili vya Dunia vikajaza Shetland wanajeshi, wote wakitaka kitu cha kutuma nyumbani. Wakimbizi wa Norwe nao wakavuka bahari kwa mashua wakikimbia Wajerumani, na nyota kubwa ya Norwe yenye pembe nane ikapata umaarufu mpya kwenye sweta za Shetland. Nyota hiyo nayo ina mwenyewe anayejulikana, jambo la nadra sana kwenye hadithi hizi: huko Selbu, mwaka wa 1857, msichana Marit Guldsetbrua Emstad alifuma glavu za nyeusi na nyeupe zenye nyota. Glavu hizo zikaonekana kanisani, wenzake wakaiga, na eneo zima likapata biashara. Na ile sweta ya Aisilandi yenye duara la michoro mabegani, lopapeysa, ambayo watalii huambiwa ni ya tangu enzi za Waviking? Ilienea katikati ya karne ya 20. Kuna shosho hapa Kenya ni mkubwa kuliko hiyo "mila".

Miaka ya 1970 mafuta yakagunduliwa kwenye bahari ya kaskazini. Ujenzi wa kituo kikubwa cha mafuta huko Sullom Voe ukaleta ajira Shetland, na kwa mara ya kwanza mwanamke angeweza kufanya usafi au kupika kwenye kambi ya wafanyakazi na kupata kwa wiki pesa ambayo sindano haikuwahi kumpa. Wengi wakaweka sindano chini. Kuna watu huandika kuhusu kipindi hicho kwa huzuni, kana kwamba wanawake hao waliisaliti mila. Mimi nauliza tu, wewe ungebaki unafuma kwa bei ile? Mimi singebaki. Sweta inakula makumi ya saa, na hakuna mtu alikuwa tayari kulipia saa hizo zote.

Na jina lenyewe halina mwenyewe. Kiwanda chochote popote kinaweza kuandika "Fair Isle" kwenye lebo. Ndiyo maana sweta tisa kati ya kumi nilizogeuza mimi Gikomba zina nyuzi za nyuma zilizonyooka sawasawa kama rula, za mashine. Watu wa Aisilandi waliliona hilo, na mwaka wa 2020 wakapata ulinzi wa jina la lopapeysa ya Aisilandi: lazima iwe ya sufu ya kondoo wa huko, na ifumwe kwa mkono huko huko. Fair Isle walishachelewa. Jina lao liligeuka neno la kawaida kabla hawajajua lina thamani gani.

Mwezi wa Desemba 2015 likatokea la Chanel. Kwenye kisiwa chenyewe alikuwa akiishi mbunifu anaitwa Mati Ventrillon, mwenye asili ya Venezuela na Ufaransa, aliyehamia huko kutoka London mwaka wa 2007 na kujifunza ufundi wa wenyeji. Wafanyakazi wa Chanel walikuwa wamemtembelea na kununua sweta zake. Miezi michache baadaye, kwenye onyesho la Chanel jijini Roma, wanamitindo wakatoka wamevaa sweta zilizofanana na zake. Akaandika mtandaoni, akaweka picha zake kando ya zao, watu wakaona wenyewe. Chanel ikaomba radhi na kukubali kuandika kwamba michoro ni yake.

Niliifikiria sana hiyo. Kwanza, aliyeokoa jina la kisiwa siku hiyo alikuwa mgeni aliyehamia, si mzaliwa, na hilo linawatatiza wale wanaopenda mila iwe ya damu. Pili, alichokuwa nacho Mati ambacho mama wa 1872 hakuwa nacho ni simu na picha zenye tarehe. Yule mama alihitaji serikali imtume wakili kutoka mbali ndipo sauti yake iandikwe. Mati alihitaji bando. Kwa hivyo nyinyi mnaobuni, wa shanga, wa viondo, wa krosheti, wekeni picha za kazi yenu na tarehe. Msisubiri muibiwe kwanza.

Huko Shetland kwenyewe watoto walikuwa wakifundishwa kufuma shuleni kwa miongo mingi, mpaka mwaka wa 2010 baraza la visiwa lilipokata bajeti na kuwaondoa waalimu hao. Miaka michache baadaye ukaanzishwa mpango unaoitwa Peerie Makkers, yaani wafumaji wadogo, ambapo watoto wanakaa na watu wazima baada ya masomo wakifundishwa kushika sindano, kufunga ule mkanda wa ngozi kiunoni, na kupitisha rangi mbili bila kuvuta uzi. Wanaofundisha ni wafumaji wenye uzoefu wa miaka mingi, wengi wao wanawake. Wanafanya hiyo kazi kwa kujitolea.